Rangi ya nje inabanduka kila masika, nimeshapaka mara tatu. Wajuzi mje huku

Kibarazani:
Wakuu, habari za jioni.

Nina nyumba Kigamboni. Bahari siioni, ila upepo wake wa chumvi naupata asubuhi na jioni. Nilihamia mwaka juzi mwezi wa nne, mvua zikinyesha na lipu ikiwa bado ya baridi ukiigusa, kwa sababu mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga alishaanza kuniletea wapangaji wapya mlangoni. Fundi akapiga skimu (lile tabaka jembamba la kulainisha lipu) ndani na nje, akapaka rangi ya maji ya krimu, na chini akazungusha mkanda wa kijivu wa rangi ya mafuta, kimo cha mita moja hivi, ili watoto wasichafue. Ikapendeza kweli. Mashemeji walikuja kupigia picha.

Kufika mwezi wa kumi na mbili mkanda ule ukaanza kutoa malengelenge. Ukibonyeza yanatoa maji. Niliyaonja (msicheke), yana chumvi. Fundi wa pili akasema rangi ya kwanza ilikuwa feki. Akakwangua pale palipobanduka tu, akapaka ya bei kali. Masika ikaondoka nayo. Mwaka jana mwezi wa nane nikapaka mwenyewe na kijana wa jirani, mikono miwili mizito. Masika ya mwaka huu imeondoka tena, safari hii pamoja na skimu yake, vipande vinatoka kama maganda ya yai.

Fundi wa tatu kaja juzi, anataka kupaka rangi ya mafuta nyumba nzima "ili maji yasiingie". Mke wangu anataka vigae. Mimi nataka kujua kabla sijafungua pochi tena: mgonjwa hapa ni rangi, fundi au nyumba?

Halafu mlango wa mbele ni mninga, vanishi imepasuka na kuwa njano. Na grili zimeanza kuchuruza kutu ukutani. Natanguliza shukrani.

Ngosha wa Ziwa:
Naweka kambi hapa. Ila picha mkuu. Uzi bila picha ni chai.

Kibarazani:
Picha zinagoma kupanda, mtandao wa huku mnaujua. Nieleze kwa maneno: inabanduka kuanzia chini hadi karibu na kizingiti cha dirisha, juu ya hapo rangi iko safi kabisa. Panapobanduka kuna unga mweupe kama magadi, ukipangusa unarudi baada ya wiki. Ndani pia kuna ukuta mmoja wa sebuleni umeanza, upande wa pili wake ni bafu.

Fundi Msasa:
Mkuu, mimi ni fundi rangi, huu mwaka wa 19, nilianza kwa kubeba ngazi za watu Temeke. Huyo fundi wa tatu mwambie apumzike kwanza.

Kama juu pako safi na chini panabanduka, ukuta wako unakunywa maji kutoka chini. Tofali na lipu hunyonya kama utambi wa kandili. Maji yakishapanda yanatafuta pa kutokea, yanakuta rangi ya mafuta imefunga mlango. Basi yanaisukuma. Ule unga ni chumvi, ya udongo, ya mchanga na ya simenti yenyewe. Maji yakikauka chumvi inabaki, inaganda kuwa fuwele, na fuwele zikikua nyuma ya rangi zinainyanyua. Ukipaka mafuta nyumba nzima ni sawa na kumziba mdomo mtu anayetapika.

Nijibu mambo mawili kabla sijaendelea. Nje, ardhi iko chini ya jamvi, yaani zege la sakafu ya ndani, kwa kiasi gani? Na hiyo skimu ya nje ilichanganywa na nini?

Kona ya Bati:
Mnamtisha mtu bure. Siku hizi kuna rangi za mpira za kuzuia maji, unapaka mikono mitatu, biashara imeisha. Mimi nimepaka juu ya zege la kibanda changu, mwaka wa tatu halivuji.

Fundi Msasa:
Kona ya Bati, kwenye zege lako mvua inaipiga rangi kwa mbele, inaikandamiza. Maji ya huyu bwana yanatokea nyuma ya rangi. Hiyo ya mpira itafura mfuko mzima, utaweza kufugia samaki.

Kibarazani:
Fundi, swali lako la kwanza limenifanya nitoke nje na tochi. Nilipohamia kulikuwa na ngazi mbili za kushuka mlango wa nyuma. Baadaye nilimwaga kifusi uwanja mzima nikaweka pevingi, sasa hushuki ngazi, unatoka tu unatembea. Na nimemwaga ndoo ya maji, yanakimbilia ukutani.

Skimu alinunua mifuko ya jipsamu akachanganya na simenti nyeupe. Ndani nje mchanganyiko ni ule ule.

Fundi Msasa:
Ngazi mbili umezizika! Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Juu ya msingi, kabla ya kupandisha tofali, hulazwa nailoni nyeusi, DPC. Kazi yake ni kukata ule utambi. Ardhi ya nje inatakiwa ibaki chini yake kwa sentimita 15 hivi, hata mvua ikirusha matone yasiivuke. Kifusi chako kimepanda juu ya nailoni, kwa hiyo maji yanaingia ukutani kwa kuizunguka, na pevingi inayalekeza pale pale. Fundi wa pili alilaumu rangi, na wewe ukailaumu kwa kununua nyingine. Rangi ilikuwa inabebeshwa kesi ya kifusi.

Jipsamu sasa. Ni mali ya ndani, tena pakavu. Ikikaa kwenye maji inalainika, ukuchani inatoka kama ugali uliolala. Na kuichanganya na simenti kwenye ukuta wenye unyevu ni kuzigombanisha: salfati ya jipsamu inaingia kwenye simenti, zinazaa fuwele zinazofura na kupasua. Ndiyo hayo maganda ya yai. Nje piga skimu ya simenti, ile ya mfuko iliyoandikwa ni ya nje, au usipige kabisa. Mimi kwa nyumba zilizo karibu na bahari huwa nashauri lipu isuguliwe vizuri kwa sponji, ipakwe hivyo hivyo. Watu wamependa kuta laini kama kioo mpaka uani, sijui nani anazipapasa.

Na kosa la tatu ambalo umelitaja ukapita: mlipaka lipu ikiwa mbichi. Simenti mbichi ni kali kama magadi. Wanaopika sabuni nyumbani wanajua, mafuta ukiyakutanisha na magadi makali unapata sabuni. Rangi ya mafuta kwenye lipu mbichi ndicho kinachotokea, inageuka sabuni, inanata na kuteleza. Mpe lipu siku 28 kavu, kipindi cha mvua mpe miezi miwili, halafu praima ya kuhimili alkali ndiyo itangulie.

Kazi yako ianzie kwa sululu. Fukua pembeni ya ukuta nyumba nzima, upana wa nusu mita, mpaka uione nailoni na ushuke chini yake. Jaza kokoto, pevingi iliyobaki ipe mteremko wa kutoka ukutani. Kisha kwangua rangi na skimu yote ya chini mpaka lipu, na uvuke nusu mita juu ya palipobanduka. Chumvi iondoe kwa brashi kavu. Usiioshe, maji yanairudisha ndani. Acha ukuta uchi jua liuchome, brashi kila wiki mpaka unga uishe. Sasa ni mwezi wa saba, una mpaka mwezi wa kumi vuli haijaanza. Usikurupuke.

Kibarazani:
Nyumba iwe uchi miezi mitatu? Wife atanihamisha mimi.

Fundi Msasa:
Afadhali aibu ya miezi mitatu, mkuu. Kujua kama umekauka, kata nailoni angavu nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, ikae siku mbili. Umande ukiwa upande wa ukutani, bado unatoa maji. Ukiwa upande wa chumbani ni unyevu wa hewa ya ndani tu, fungueni madirisha. Fanya hivyo sebuleni pia, ila pale mimi nashuku bomba la bafu. Rangi haizibi bomba.

MamaPacha2:
Naomba niingilie, nafanya kazi zahanati. Kabla ya kukwangua, watoto watoke. Mama mjamzito asisogee kabisa.

Huyu nyumba yake ni mpya lakini wanaosoma hapa wengine wana nyumba za urithi. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano na nyekundu, nyingi zilitiwa risasi, hii ya madini, ili ziwe na rangi kali na zikauke haraka. Ukipiga msasa mkavu inakuwa vumbi, mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwa mtoto inaharibu ubongo kimya kimya. Kikomo kinachopendekezwa kwenye rangi mpya ni sehemu 90 kwa milioni, kwa hiyo dukani ombeni kopo lililoandikwa halina risasi.

Kwa rangi hizo za zamani lowesha ukuta, tumia msasa wa maji, tandika turubai, vaa barakoa ya maana na si kile kitambaa cha bodaboda. Nguo za kazi zisiingie kwenye beseni moja na za watoto. Na kama kuna ukungu mweusi mnataka kuuosha kwa maji ya jiki, msichanganye na dawa ya choo. Inatoka gesi inayokaba kifua. Tumeshapokea mtu kwa hilo.

Ngosha wa Ziwa:
Dada, hili la risasi nilikuwa silijui. Nyumba ya mzee Mwanza ina milango ya njano tangu mimi sijazaliwa.

MamaPacha2:
Kama haijabanduka usiichokoze, kaka. Isugue kidogo kwa msasa wa maji, funika na rangi mpya juu. Hatari ni vumbi na magamba.

Mtoto wa Malindi:
Assalaam alaykum. Mie wa Unguja, Malindi ya Mji Mkongwe siyo ile ya Kenya.

Nyie mnapambana na simenti, sie tuna kuta za mawe ya matumbawe na udongo, unene wake mkono mzima. Hizi zimepakwa chokaa tangu zama za mababu na hazikuwa na shida. Unyevu unaingia, unatoka, ukuta unapumua. Baba yangu mdogo kwa kutaka usasa akapiga lipu ya simenti chumba cha chini akaipaka rangi ya mafuta ya kung'aa. Haikupita miaka miwili lipu ikatengana na ukuta, ukigonga inalia kama ngoma, na unyevu ukapanda mpaka ghorofani kutafuta pa kutokea. Tulipobomoa tukakuta udongo wa ndani umelowa tepetepe.

Akaletwa mzee mmoja anayejua chokaa. Chokaa yake ameiloweka shimoni miezi. Anaulowesha ukuta kwanza, anapaka nyepesi kama maziwa, wala huoni kitu, unasema huyu mzee anatuchezea. Kesho yake imekuwa nyeupe. Alipaka mikono mitano. Chokaa haikauki kama rangi, inavuta hewa ile ile tunayoitoa puani na kurudi kuwa jiwe. Hasara yake ukiegemea inakushika nguo, na kila baada ya miaka miwili mitatu upake tena. Lakini hata ikichakaa inachakaa kwa heshima, haitoi magamba.

Fundi Msasa:
Umesema kweli dada. Na kwa Kibarazani somo ni lile lile: rangi ya chini ichague inayopitisha mvuke, rangi ya maji ya nje isiyong'aa. Ule mkanda wa mafuta usiurudishe. Watoto wakichafua, utapaka mkanda peke yake kila mwaka.

Kibarazani:
Sawa. Na ndoo ngapi kwa ujumla? Fundi wa pili alininunulisha ndoo tano za lita 20, sijui mbili zilikwenda wapi.

Fundi Msasa:
Hahaha, zilikwenda Mbagala. Piga hesabu mwenyewe: chumba cha mita 4 kwa 4, kimo cha ukuta mita 3, mzunguko ni 16, mara 3 unapata 48. Toa mlango na dirisha, chukua 44. Mikono miwili ni 88. Lita moja kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10, basi lita 9. Ndoo moja vyumba viwili. Nje kwenye lipu ya sponji inakunywa zaidi, hesabu mita 6 au 7 kwa lita. Na umwone anavyoongeza maji. Mkono wa kwanza kidogo sawa, kopo limeandikwa kiasi. Ukiona rola inadondosha kama mtindi wa dukani, hapo unapakiwa maji yenye rangi.

Nahodha Mstaafu:
Mlango wa mninga mmeusahau. Mimi wa Mombasa, babangu alikuwa na jahazi. Mbao za juu zikipakwa sifa, mafuta ya papa, harufu yake mtu mzima anatokwa na machozi. Chini, sehemu inayokaa majini, ikipakwa deheni: shahamu iliyochanganywa na chokaa. Chombo kikipandishwa bamvua, kinakwanguliwa, kinapakwa tena. Hakuna aliyedhani utapaka mara moja ukae miaka kumi.

Vanishi ya kawaida ni kioo juu ya mbao. Jua linaupiga mti kupitia kile kioo, mbao inatanuka na kusinyaa, kioo hakinyumbuki, kinapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa yanakaa chini yake. Mafundi wengi wanapaka sila na klia ya tina, zile za kabati la nguo, kwa sababu zinakauka upesi mteja akiangalia. Zile ni za ndani.

Kwangua yote mpaka mbao, msasa 120 kisha 180 kufuata uzi wa mti. Halafu chagua: ama vanishi ya vyombo vya baharini yenye kinga ya jua, mikono minne, ukisugua kidogo kwa msasa 320 kila mkono ukikauka, ama mafuta ya kitani yaliyochemshwa, unapaka, unangoja robo saa, unafuta yaliyobaki juu. Mafuta hayang'ai sana lakini hayabanduki, mwakani unaongeza tu. Na uuvue mlango kwenye bawaba upake ukingo wa chini na wa juu. Huko ndiko maji huingilia na hakuna fundi anayepaka kwa sababu hakuna anayepaona.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye debe. Vinapata joto vyenyewe na kuwaka. Vianike vimetandazwa nje, au vitie ndani ya maji.

Kona ya Bati:
Mzee hapo umenifunza. Grili je? Na mabati yangu mapya nataka kuyapiga nyekundu.

Fundi Msasa:
Grili: osha kwa maji yasiyo na chumvi kwanza kutoa chumvi ya bahari, ikauke, brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, hasa kwenye viungo vya kuchomelea. Redoksaidi, ile praima nyekundu ya kuzuia kutu, ipakwe siku hiyo hiyo, ukiilaza uchi usiku mmoja pwani asubuhi imeshapata wekundu. Mikono miwili, kisha rangi ya mafuta juu. Redoksaidi peke yake si koti la mvua, nawaona watu wanaiacha mwaka mzima.

Mabati mapya usiyaguse na rangi ya mafuta. Zinki yake nayo inatengeneza sabuni na mafuta ya rangi, itabanduka mapana. Nunua praima maalumu ya mabati ya zinki au rangi ya mabati ya maji.

Kibarazani (mrejesho, mwezi wa sita):
Wakuu, nimerudi. Karibu mwaka umepita.

Nilifukua. Nailoni niliikuta sentimita 20 chini ya pevingi. Vijana wawili siku tano, na kifusi kilichotoka nimemuuzia jirani anayejaza kwake (nimemwambia asikifikishe ukutani, kaitikia kwa kichwa tu). Nyumba ilikaa uchi kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi, unga niliupiga brashi kila Jumamosi, wiki saba za kwanza ulikuwa unarudi. Jaribio la nailoni lilifeli mara mbili. Tukapaka katikati ya mwezi wa kumi kwa kuiba siku kavu, praima mkono mmoja, rangi ya nje mikono miwili, bila skimu. Lilikuwa kosa kuchelewa hivyo, upande wa kusini mvua iliudondokea mkono wa pili saa mbili baada ya kupaka, una michirizi mpaka leo.

Masika imepita yote. Chini hapajabanduka. Kuna sehemu moja tu ya upana wa sahani, kwenye kona ya bafu, na Fundi alisema tangu mwanzo: kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja ndani ya ukuta. Kimebadilishwa wiki iliyopita, nimekwangua na kuacha uchi.

Mlango nimepaka mafuta ya kitani. Mke wangu kaupenda kuliko ulivyokuwa mpya. Vigae kavisahau, sasa anataka geti.

Ngazi mbili za mlango wa nyuma zimerudi. Mama mkwe alikuwa amezizoea hazipo, siku ya kwanza nusura aende na ungo wa mchele.

Fundi Msasa:
Hongera mkuu. Hiyo sahani ya bafuni usiipake kabla ya mwezi wa nane.

Ngosha wa Ziwa:
Na picha?